Mgomaji ana riwaya, aliyeacha kazi hana

Mwezi uliopita, kwenye matanga ya mjomba wangu pale Ujiji, mzee mmoja alimsifu sana marehemu, kisha akamalizia: "Si ndiye yule aliyefukuzwa reli?" Hakuna aliyebisha. Hata mimi nilinyamaza, na nilijua si kweli. Mjomba hakufukuzwa. Aliacha kazi mwenyewe, na watu hawakumwamini mpaka anaingia kaburini.

Wiki hiyohiyo nilikuwa narudia riwaya ya Sembène Ousmane ya mwaka 1960, ambayo wengi wetu tuliisoma kwa Kiingereza kama God's Bits of Wood. Inasimulia mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Bamako, kuanzia Oktoba 1947 hadi Machi 1948. Wanadai nyongeza ya mshahara, pensheni na posho za familia. Ni kitabu kikubwa, sibishi. Wanawake wakitoka Thiès kwa miguu kwenda Dakar, nasoma huku nimesahau chai mezani.

Ila safari hii nilikuwa namtafuta mjomba humo ndani, na sikumpata.

Angalia Sembène anavyowachora wagomaji. Treni zikishasimama, wanaume hawajui wafanye nini na mikono yao. Wanakwenda kuzitazama reli. Wanaikumbuka mashine, kwa sababu ndiyo iliyowafanya wajione watu wa aina mpya. Hapa mwandishi ameona mbali: mgomaji hajaachana na kazi, amesusa. Ni kama mke aliyerudi kwao akisubiri mume aje na wazee waongee. Hajadai talaka. Bado anaamini nyumba inaweza kutengenezeka.

Sasa, aliyeondoka jumla yuko wapi? Ndani ya riwaya hii, ukijitenga na wenzako, mambo yako ni mabaya. Diara, mkata tiketi aliyewasaliti wenzake, anawekwa mbele ya watu Bamako na kuhukumiwa. Sounkaré, mlinzi mzee wa Thiès, anakufa peke yake kwa njaa na panya wanamla. Sembène si kipofu; anampa mzee Fa Keïta nafasi ya kuwaasa vijana kwamba aibu aliyoipata Diara inamtosha. Lakini mtu anayesema tu "mimi basi", asiwe msaliti wala shujaa, hana kiti.

Kwetu ni hivyohivyo. Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979, inatupeleka bandarini Unguja hadi mgomo wa 1948. Naipenda, na Rashidi wake namjua kama jirani. Lakini riwaya inamvuta kuelekea umoja wa wafanyakazi, na sisi tuliofundishwa kusaka dhamira shuleni tunaandika "mwamko" halafu tunafunga daftari. Anayeacha kazi kimyakimya tungemwandikia "kukata tamaa", alama moja.

Naelewa kwa nini. Mgomo una mwanzo, mvutano na mwisho. Mwandishi anaukuta umeshapangwa. Hata reli yetu ina migomo ya kutosha riwaya tatu. Ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1960, kabla ya uhuru, wafanyakazi wa reli wa Tanganyika waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 2007 reli ikawekwa chini ya ubia: RITES ya India asilimia 51, Serikali 49. Wafanyakazi wakagoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara, na 2011 Serikali ikairudisha mikononi mwake. Hayo yote yana tarehe. Mtu aliyeamka siku moja akaondoka hana tarehe hata moja.

Mjomba alikuwa kwenye genge la njia, upande wa Malagarasi: kushindilia kokoto, kubadili mataruma, kukagua reli kwa miguu. Nilipomuuliza kwa nini aliacha, nilitegemea kisa cha bosi mkali. Hakuwa nacho. Alisema treni ya Kigoma ilikuwa inapita, watu wa kwetu wakichungulia madirishani na kumpungia mkono, naye anasogea pembeni na sururu yake ili wapite. Miaka inakwenda, yeye anasogea pembeni. Siku moja akaegemeza sururu kibandani, akanawa miguu, akaenda stesheni akapanda. "Nami nilitaka kufika," aliniambia. Alivua dagaa Kibirizi maisha yake yaliyobaki. Mbaramwezi ikiwaka hakuna kazi, analala kwake. Hela ilikuwa ndogo kuliko ya reli, na hakuficha hilo.

Basi, hiyo ndiyo sababu. Ni ndogo mno, ndiyo maana mtaa ukamtungia nyingine: aliiba, alilewa, alifukuzwa. Na mimi nasema riwaya zetu zina mkono katika hilo. Zimetuzoesha kwamba mtu haachi mshahara wa mwezi bila vita au bila kosa. Tukikutana na aliyeacha bila vyote viwili, tunamtafutia kosa.

Simwombi mwandishi yeyote aache kuandika migomo. Namwomba mmoja tu, ikiwezekana wa kwetu huku ziwani, ajaribu kuandika huyu mwingine, bila kumwongezea msimamizi mkatili ili tumwelewe haraka. Kazi hiyo ni ngumu; mimi mwenyewe nimejaribu kurasa nne nikashindwa, kila mara bosi mkali anajipenyeza.

Arobaini ya mjomba ni wiki ijayo. Yule mzee atakuwepo. Nimepanga kukaa karibu naye nimweleze habari za ile sururu, na sijui kama ataniamini.