"Amelala" si "has slept"

Simu inalia, mtu anamuulizia mwenye nyumba. Mtoto anajibu kwa Kiingereza cha shuleni: "He has slept." Mwingereza akisikia hivyo ataelewa kwamba mzee alilala, na pengine keshaamka. Mtoto alikusudia kusema mzee yuko usingizini, yaani "He is asleep." Sarufi yake haina kosa. Kilichomponza ni kuifasiri "amelala" kipande kwa kipande.

Chanzo ni kiambishi -me-. Darasani tunaambiwa ni cha wakati timilifu, basi tunakilinganisha na "have" moja kwa moja. Kumbe -me- ina kazi mbili. Kwenye vitenzi kama kula na kuandika, huonyesha kitendo kilichokwisha: "amekula" ni "he has eaten", na hapo "have" inakaa sawasawa. Lakini kwenye vitenzi vya kuingia katika hali fulani, kama kulala, kukaa, kusimama, kuvaa na kuchoka, huonyesha hali ambayo bado ipo. Ndiyo maana "nimechoka" ni "I am tired", "amevaa koti" ni "he is wearing a coat", na "amesimama mlangoni" ni "he is standing at the door".

Mtego wa pili ni kutaja siku. "Nimefika jana" husikika sana midomoni mwetu, maana aliyefika bado yupo. Kiingereza sanifu hakikubali "I have arrived yesterday". Ukishataja jana, "have" inaondoka: "I arrived yesterday".

Wa tatu ni safari. "She has gone to Mombasa" ni kwamba ameenda na hajarudi. "She has been to Mombasa" ni kwamba amewahi kufika huko. Kiswahili kinatenganisha mambo haya kwa kitenzi kuwahi. Kiingereza kinabadilisha neno moja dogo tu. Ukisema "gone" kuhusu dada uliyeketi naye sebuleni, umemsafirisha bila nauli.

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri -me-, jiulize: hali bado ipo? Kwa vitenzi vile vya hali, tumia "be". Kitendo kimekwisha na umetaja lini? Tumia wakati uliopita. Hukutaja lini? Hapo ndipo pa "have".