Umbo Lililobaki: Dissolution Grip ya KMRU na Sikio la Hanang

Muziki usio na maneno, usio na ngoma, wala mwimbaji wa kutazamwa, una mashtaka mawili mbele ya wasikilizaji wa Afrika ya Mashariki. La kwanza ni kwamba si muziki bali ni kelele. La pili ni kwamba, hata ukikubaliwa kuwa muziki, ni mgeni aliyepotea njia kutoka Ulaya. Santuri iitwayo Dissolution Grip, iliyotolewa mwaka 2023 na Joseph Kamaru wa Nairobi, ajulikanaye kwa jina la KMRU, yaweza kuitwa kizimbani kwa mashtaka yote mawili, na utetezi wake si mgumu. Lakini liko shtaka la tatu, zito kuliko hayo, nalo ndilo linalostahili kuchunguzwa.

Shtaka la ugeni hujibiwa na historia. Mwaka 1944, mjini Cairo, Halim El-Dabh alichukua mashine ya kunasa sauti kwa waya, akanasa sherehe ya zaar, ambayo ni sherehe ya kupunga pepo. Kisha akaitengeneza upya sauti ile katika studio ya redio, akipunguza hiki na kukuza kile, hata maneno ya waimbaji yakayeyuka, ukabaki mwangwi. Ilikuwa miaka 4 kabla Pierre Schaeffer wa Ufaransa hajatangaza majaribio yake ya mwaka 1948, ambayo vitabu vingi huyahesabu kuwa mwanzo wa sanaa hii. Mwenye kudai kwamba Mwafrika ameazima mlango huu, basi, na akumbuke kuwa Mwafrika alikuwamo nyumbani mapema.

Shtaka la kelele hujibiwa na kazi yenyewe. Huko Uingereza, kikundi cha Throbbing Gristle kilianzisha mwaka 1976 nyumba ya santuri iliyoitwa Industrial Records, na jina hilo la kiwanda likaja kuushika muziki wote unaojengwa kwa ngurumo na misuguano ya mitambo. Mwaka 1978 Brian Eno akatoa Music for Airports, muziki uliokusudiwa kukaa mahali kama hewa ikaavyo chumbani, usikilizwe au usisikilizwe. Mikondo hiyo miwili, wa kiwanda na wa mandhari, ilikuja kukutana, na penye makutano hayo ndipo ilipo Dissolution Grip. KMRU alikuwa amezoeleka kwa kazi zilizojengwa juu ya sauti alizonasa mwenyewe katika mazingira. Peel ya mwaka 2020 ndiyo iliyomtangaza mbali. Safari hii alifanya kinyume. Sauti alizokuwa amezinasa hakuziweka katika santuri. Alichukua michoro ya mawimbi yake, akaifanya kuwa nota, na sinthesaiza zikaifuata. Sauti ya mahali haimo. Lililomo ni umbo lake.

Njia hii inapatana na asili ya chombo. Sinthesaiza za analogi, tangu zile za Robert Moog na Don Buchla za miaka ya 1960, hufanya kazi kwa mfano: nguvu ya umeme hupanda na kushuka, na kupanda na kushuka huko ndiko kunakogeuka kuwa wimbi la sauti. Chombo cha namna hiyo hakikumbuki kitu. Huliiga umbo tu. KMRU ameichukua tabia hiyo ya chombo akaifanya kanuni ya utunzi. Katika kipande cha kwanza, Till Hurricane Bisect, sauti hukusanyika tabaka juu ya tabaka kama tufani ijengavyo nguvu zake. Kipande kilichoipa santuri jina hakina haraka zaidi ya kile cha kwanza. Hakuna pigo la kuhesabu wala wimbo wa kushika. Badiliko moja dogo huchukua muda mrefu, na sikio hujifunza kulingoja. Hiyo si kelele. Kelele haina mpango, na kazi hii ina mpango tangu mwanzo hata mwisho.

Hapo ndipo linapoinuka shtaka la tatu. Mahali pakishafanywa umbo tupu, watu wake wamekwenda wapi? Swali hili ni jepesi mjini Berlin, ambako KMRU alisomea sanaa ya sauti, kwa kuwa huko mashine imekwisha kuwa jirani wa siku zote. Ili lipate uzito wake, halina budi kupelekwa mahali ambapo mashine ilifika kwa haraka na kwa nguvu. Nyanda za Hanang, mkoani Manyara, ni mahali pa namna hiyo.

Chini ya Mlima Hanang, wenye kimo cha mita 3,417, na katika nchi ya Mbulu inayopakana nayo, wanakaa Wairaqw, Wadatooga na Wahadza, watu ambao lugha zao hazina asili moja. Katika miaka ya 1970 na 1980, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, likisaidiwa na serikali ya Kanada, lililima ngano kwa mitambo katika mashamba 7, jumla ya ekari kiasi cha 100,000, kandokando ya Basotu na kwingineko wilayani. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatooga. Humo yalikuwamo makaburi ya wazee wao watukufu, yaitwayo bung'eda: vichuguu vya udongo ambavyo hujengwa hatua kwa hatua kwa muda wa miezi, na jamaa hurudi kwayo kuomba na kuimba. Baadhi yake yalilimwa na matrekta, yakasawazishwa na shamba. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985.

Mtu atafutaye kiwanda katika nchi hiyo hatakuta bomba la moshi wala ukuta wa matofali. Sauti ya viwanda ya Hanang ilikuwa trekta na mashine ya kuvunia. Nalo jembe la trekta lilifanya kazi iliyo kinyume cha kazi ya KMRU. Katika santuri, sauti imeondolewa na umbo limebaki. Katika shamba, umbo liliondolewa, na kilichobaki ni sauti: jina la mzee, wimbo wake, na ushahidi uliosemwa mbele ya hakimu. Kwa sikio la Hanang, basi, kuondoa si tendo la sanaa peke yake. Ni tendo lenye mtendaji na mtendewa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza nani ameondoa nini, na kwa faida ya nani.

Dissolution Grip hailijibu swali hilo. Katika mngurumo wake hamna alama ya kumwonyesha msikilizaji huu ni mtaa gani, ule ni upepo wa wapi, wala nani alikuwa akipita chombo kiliponasa. Si kwamba mtunzi hajui thamani ya jina. Yeye ni mjukuu wa Joseph Kamaru, aliyeishi toka 1939 hata 2018, mwimbaji wa Kigikuyu ambaye nyimbo zake zilisimama juu ya neno, methali na siasa. Na mjukuu ndiye aliyejitwika kazi ya kuzitoa tena nyimbo za babu yake. Tena, mwaka mmoja kabla ya Dissolution Grip, alitoa Temporary Stored, iliyotungwa kwa sauti za Kiafrika zilizowekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Humo swali liko wazi tangu jina: kilichohifadhiwa kwa muda kimehifadhiwa na nani, na muda huo utakwisha lini?

Zikipimwa pamoja, santuri hizi mbili hukosoana. Dissolution Grip ina ufundi uliokamilika zaidi, kwa kuwa kila kitu ndani yake kinatii kanuni moja. Temporary Stored ina uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa sauti zake zina wenyewe. Anayesikiliza ile ya kwanza peke yake atafundishwa kutega sikio bila ya kuambiwa atege kwa ajili ya nani. Huo ni upungufu wa kweli, wala haufutwi na uzuri wa sauti zake.

Hata hivyo upungufu huo haupunguzi haja ya kuisikiliza santuri hii, hasa kwa wanafunzi wa Mbulu na Hanang ambao huenda siku moja wakashika vyombo vya namna hii. Njia ya KMRU imewafungulia uwezo wa kuligeuza umbo la mahali kuwa muziki. Kwao kazi haitaishia hapo, maana katika nchi ambayo kaburi liliweza kulimwa, umbo lisilotajiwa mwenyewe haliwezi kutosha.