Ndoo Mbili na Nusu: Jinsi Cape Town Ilivyopunguza Matumizi ya Maji kwa Zaidi ya Nusu

Chukua ndoo mbili za lita 20, ongeza ya tatu iliyojaa nusu, uzipange bafuni. Hayo ndiyo maji yako ya kutwa: ya kunywa, kupikia, kuogea, kufulia, kuoshea vyombo na ya chooni. Jumla yake ni lita 50. Kuanzia tarehe 1 Februari 2018, kila mkazi wa Cape Town alitakiwa na jiji lake asivuke kipimo hicho, awe na bwawa la kuogelea uani au awe mpangaji wa chumba kimoja.

Mwaka ule ulivuma kwa jina la Siku Sifuri. Mabwawa ya jiji yakishuka hadi asilimia 13.5 ya ujazo wake, mabomba ya majumbani yangefungwa, na watu wangepanga foleni kwenye vituo vipatavyo 200, kila mmoja akikinga lita 25 kwa siku. Siku hiyo haikufika. Habari za hofu ile zimesimuliwa sana. Habari za ufundi uliotumika zimesimuliwa kidogo, na ndizo zenye faida kwetu. Kwa jinsi ninavyoisoma kazi ile, nyumba za Cape Town zilibadilika pale zilipopewa kipimo. Mahubiri yalikuwepo tangu zamani.

Tuangalie hesabu yenyewe. Jiji lile, lililokuwa na watu wapatao milioni 4 wakati huo, hutegemea mvua za majira ya baridi kujaza mabwawa sita makubwa, yenye uwezo wa karibu lita bilioni 900. Zaidi ya nusu ya ujazo huo uko katika bwawa moja, Theewaterskloof. Kuanzia 2015 hadi 2017 mvua zilikuwa haba miaka mitatu mfululizo. Katika kiangazi cha mapema 2015 jiji lilikuwa likitumia takriban lita bilioni 1.2 kwa siku. Mapema 2018 lilitumia zaidi kidogo ya lita milioni 500.

Hatua ya kwanza ilikuwa kubadili lugha. Mwanzoni wakazi waliambiwa wapunguze matumizi kwa asilimia 20, baadaye asilimia 30. Lakini asilimia 20 ya kiasi gani? Mtu aliyeko jikoni hana asilimia mkononi. Ana ndoo, jagi na beseni. Mwaka 2017 jiji likaanza kutaja lita kwa mtu kwa siku: 100, kisha 87, hatimaye 50. Hapo mtoto wa shule akaweza kumkagua baba yake. Tena ushahidi upo kwamba maneno peke yake yana nguvu ndogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walijaribu kuambatanisha ujumbe wa kuhimiza na bili za nyumba zinazokaribia 400,000, na upungufu walioupata ulikuwa wa takriban asilimia moja tu. Hata hiyo si haba kwa gharama ya karatasi, lakini haiokoi jiji.

Hatua ya pili ilikuwa kuwaonyesha watu matumizi yao. Januari 2018 jiji liliweka hadharani ramani ya nyumba. Iliyotumia chini ya lita 6,000 kwa mwezi iliwekewa nukta ya kijani iliyokolea. Iliyotumia kati ya 6,000 na 10,500 ikapata kijani hafifu. Nyumba iliyozidisha haikupakwa nyekundu, ilikosa nukta tu. Wapo waliolalamika kwamba siri za nyumba zao zimetolewa nje, na malalamiko yao yana uzito. Hata hivyo mwenye nyumba aliweza kujipima kwa jirani anayeishi maisha kama yake. Bei nazo zilipandishwa kwa ngazi, kiasi kwamba mtumiaji mkubwa alilipia kila lita ya ziada kwa uchungu.

Hatua ya tatu haikuonekana kwa macho, nayo naiheshimu kuliko zote: kushusha presha ya maji kwenye mabomba ya mtaa. Kanuni yake ni nyepesi. Tundu likiwa lile lile, presha ikipanda uvujaji unapanda. Presha ikishuka unashuka, hata kabla fundi hajafika. Cape Town ilikuwa imeyajua haya mapema. Mwaka 2001, katika eneo la Khayelitsha, jiji lilifunga mitambo ya kudhibiti presha. Kabla ya hapo, usiku wa manane watu wakiwa wamelala, zaidi ya mita za ujazo 1,600 zilikuwa zikipita kila saa. Hakuna aliyekuwa akioga saa nane za usiku. Maji yale yalikuwa yakipotea kwenye koki na matangi ya vyoo ambayo vifaa vyake vilishindwa kuhimili presha. Kudhibiti presha kuliokoa karibu mita za ujazo milioni 9 kwa mwaka. Wakati wa ukame, mbinu hiyo hiyo ikatandazwa sehemu nyingine za jiji.

Ndani ya nyumba, vita kubwa ilikuwa chooni. Tangi la choo la kawaida hutoa lita 9 kila ukiflashi. Mtu akiflashi mara tano amemaliza lita 45 kati ya 50 zake, na hajanywa hata glasi moja. Kwa hiyo wakazi walijifunza kuyatumia maji mara mbili. Waliweka beseni miguuni wakati wa kuoga, wakayakinga maji ya sabuni, wakayamwaga chooni. Maji ya kusuuzia nguo yakafanya kazi hiyo hiyo. Kuoga kwenyewe kulipewa muda: lowa, funga bomba, jipake sabuni, fungua ujisuuze, yote ndani ya dakika moja na nusu au mbili. Kwa wengi wetu tuliokulia kwenye kata na ndoo, haya si mageni. Bibi zetu walikuwa wataalamu wa jambo hili kabla halijapewa jina.

Nami nilijaribu kipimo nyumbani kwangu. Bomba la jikoni lilikuwa likidondosha kwa muda mrefu mpaka tukauzoea mlio wake. Jioni moja niliweka chini yake kikombe cha chai cha mililita 250, nikatazama saa. Kilijaa kwa dakika 10. Hiyo ni lita moja na nusu kwa saa, lita 36 kwa siku: karibu ndoo mbili nzima zikimwagika kwa sababu ya mpira mdogo uliochakaa ndani ya koki. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiwakemea watoto kwa kuchezea maji, kumbe mharibifu mkuu alikuwa bomba nililoshindwa kulitengeneza mimi mwenyewe.

Maji yakipungua, umeme nao unapungua. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunahitaji uniti 2.3 za umeme, hata hita ikiwa mpya kabisa, kwa sababu hicho ndicho kiasi cha joto ambacho maji yanadai. Ukioga maji ya moto kwa nusu ya muda, umeokoa maji na umeme kwa tendo moja. Anayetaka kupunguza bili ya umeme aanze kuchunguza bomba la maji ya moto kabla ya kuhesabu taa.

Haki itendeke pia katika kugawa sifa. Wakazi peke yao hawakuiokoa Cape Town. Wakulima walipunguziwa mgao wao kwa kiasi kikubwa, na Februari 2018 wakulima wa eneo la Groenland waliachia takriban lita bilioni 10 kutoka bwawa lao ziende mjini. Mwezi Mei mabwawa yalikuwa yamebaki na karibu asilimia 20. Kisha mvua za Juni zikanyesha.

Mzigo nao haukuwa sawa. Makazi duni ya jiji yalikuwa yakitumia chini ya asilimia 5 ya maji yote, kwa hiyo huko hapakuwa na cha kupunguza. Jiji lilifunga vifaa vinavyokata maji nyumba ikifikisha lita 350 kwa siku. Kwa familia ya watu wanne hizo zinatosha na kubaki. Kwa kiwanja chenye watu 12 pamoja na wapangaji wa uani, ni lita 29 kwa kila mmoja. Mita haihesabu vichwa. Jiji lolote litakaloiga mbinu hii lianze kwa kuhesabu watu, la sivyo litamwadhibu maskini kwa wingi wa familia yake.

Sisi hatuna haja ya kungoja Siku Sifuri yetu. Leo usiku, watu wote wakishalala na mabomba yakiwa yamefungwa, soma mita yako ya maji na uandike namba. Kabla mtu yeyote hajafungua bomba alfajiri, isome tena. Kama una tangi la akiba linalojaa usiku, funga kwanza koki yake ya kuingizia. Namba ikiwa imesogea, nyumba yako inavuja. Anza na choo: tia chai ya rangi ndani ya tangi lake, subiri nusu saa bila kuflashi, kisha tazama bakuli. Ukiona rangi imeshuka, umempata mwizi. Mtengeneze kesho, halafu ndipo uwaambie watoto wafunge bomba.