Mizigo ya Lanina: Dhuluma katika Kilio cha Haki

Wakiulizwa kuhusu dhuluma katika Kilio cha Haki (1981), tamthilia ya Alamin Mazrui, watahiniwa wengi hupanga hoja tatu: ukoloni, utabaka, ubaguzi wa kijinsia. Kila hoja na aya yake. Hoja ni sahihi, ila Lanina hupotea katikati yake. Yeye ni Mwafrika chini ya mlowezi Delamon, ni kibarua shambani, tena ni mwanamke. Mizigo hii haibebi kwa zamu. Huibeba yote kwa mpigo. Miongoni mwa wanaume wanaonyonywa pamoja naye wamo wanaopinga kuongozwa na mwanamke, na nyumbani nako harakati zake zinazua mgogoro wa ndoa. Mnyonge, basi, aweza kumdhulumu mnyonge mwenzake, na umoja wa wafanyakazi ukatiwa ufa.

Hapa Mukuyuni niliuliza darasa langu: Lanina anaonewa kwa lipi? Wavulana walitaja ujira, wasichana wakataja nyumba. Msichana mmoja, mtoto wa kibarua, akasema mamake angetaja vyote viwili. Ndilo jibu nililolitafuta. Mwalimu mwenzangu, baada ya kuwaagiza wanafunzi wataje aina za dhuluma, waulize pia zinakutana kwa nani.