Kazi ya Kuchuchumaa

Kumwendea mbwa aliyezoea kupigwa mawe ni ufundi, na fundi bora niliyemwona ni mzee mmoja wa Kidigo, mkazi wa Likoni. Katika kituo cha wanyama nilikokuwa nikijitolea, yeye ndiye aliyewapokea mbwa wageni. Hakumkabili mnyama uso kwa uso. Alijongea kimshazari, akachuchumaa akimpa ubavu, macho chini, mkono umelegea karibu na ardhi, kisha akanyamaza. Mbwa ndiye aliyekuja, saa hiyo au siku nyingine.

“Mwanangu,” aliniambia, “usianzie kichwani. Kila mkono uliomjia kutoka juu ulikuja kumpiga.”

Mbwa tuliwapa majina ya mahali walikookotwa, kwa hiyo hadi leo nikipita Kibarani namkumbuka dume mwekundu aliyetoka jaani pale, kabla jaa halijafungwa na kugeuzwa bustani. Alifika mbavu nje, nasi tukataka kumshibisha siku ile ile. Mzee alikataa. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula ghafla unaweza kufa. Kibarani akapewa uji mwepesi, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, mpaka tumbo likakumbuka kazi yake. Baadaye alikula ugali na dagaa, akajitwalia ulinzi wa lango bila kuombwa.

Mtongwe alikuwa jike mweusi, masikio yamejaa kupe. Watu wengi huwapaka kupe mafuta ya taa au kuwachoma kwa kiberiti, jambo linalomuumiza mbwa na linaloweza kumfanya kupe atapikie ndani ya jeraha. Mzee alishika kibano, akamkamata kupe palepale anapogusana na ngozi, akamvuta wima bila kumsokota. Katikati ya kazi Mtongwe akapiga mwayo. Mimi nilidhani ana usingizi. Mzee akaweka kibano chini. Mbwa aliyebanwa hupiga miayo kwa hofu, hujilamba midomo, hugeuza kichwa huku macho yamebaki kwako. Asiyeziona dalili hizo ndiye anayeumwa, kisha husema mbwa alimrukia bila sababu. Tulingoja mpaka Mtongwe akalaza tena shingo yake. Masikio yale yalichukua mchana mzima, na sijapata kuona mchana uliotumika vizuri kuliko huo.

Niliyempenda kuliko wote ni Mwakirunge. Mtoto wa mbwa hujifunza kumwamini binadamu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya maisha yake. Huyu alizaliwa jaani, akaletwa akiwa mzima, dirisha hilo limekwisha kufungwa. Hakuna aliyewahi kumgusa kwa hiari yake. Lakini kila adhuhuri alikuja kulala hatua chache kutoka pale mzee alipoketi, mgongo umemwelekea. Kwa mbwa kama yule, kumpa mtu mgongo ni kumpa kila kitu. Wengine walimhesabu kuwa ameshindikana. “Huyu keshafika,” mzee alisema, na nadhani alisema kweli.

Huku Pwani Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafii, na mbwa akikugusa kwa mate unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mzee alikuwa na ndoo ya udongo safi na kanzu aliyoitundika mbali na vibanda. Wakati wa sala ukikaribia alijiosha, akabadili nguo, akaenda msikitini. Waliomsema mtaani aliwajibu kwa upole kwamba dini iliyomfunza kuosha ndiyo iliyomfunza habari za mtu aliyeteremka kisimani, akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa.

Kazi hii haimhusu mbwa peke yake. Kichaa cha mbwa kilirekodiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na nchi imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana nacho ifikapo 2030. Ili ugonjwa ukatike, asilimia 70 ya mbwa wanapaswa kuchanjwa. Sindano yenyewe ni ya sekunde chache. Kinachochosha ni kumshika mbwa asiyetaka kushikwa, katikati ya watoto wanaopiga kelele, bila kumfundisha kuwakimbia wachanjaji mwakani. Daktari wa mifugo bila mshikaji wa namna ya mzee huyu atarudi na chupa zake zimejaa.

Wanaopanga kampeni za chanjo wawalipe washikaji ujira wa mafundi, na wawape vijana wa kujifunza kwao. Nawe mwenye mbwa Likoni, Kisauni au Changamwe, siku ya chanjo mlete kwa kamba, na usimpige njiani.