Bango ni Ngapi?

Ukifanya kazi ya dizaini hapa Busia, mteja haanzi na kazi, anaanza na bei. "Bango ni ngapi?" anauliza, kama mtu aliyesimama mbele ya fungu la nyanya. Ukitaja thao mbili, anacheka na kutoa simu: "Si hii kitu iko kwa Canva, bure?"

Siwezi kumlaumu. Tangu Canva izinduliwe Australia mwaka 2013, violezo vimekuwa kama unga wa dukani, kila mtu anajipikia. Uchapishaji nao unauzwa kwa mita, kama kitambaa. Picha nzuri imekuwa bidhaa, na wenye mtaji mdogo wamefaidika. Mimi nilinung'unika tu, hadi siku niliyosimama Malaba nikatazama mabango mawili.

La kwanza ni langu. Nilimtengenezea mama anayeuza ugali, samaki na matoke kando ya barabara, pale foleni ya malori inapolala. Nilichukua kiolezo, nikabadilisha jina, nikaiacha sahani iliyokuja nacho: nyama ya kigeni yenye majani mabichi juu. Herufi nyembamba, za madoido. Lilipendeza sana kwenye kompyuta.

La pili, la jirani yake, limechorwa kwa mkono kwenye bati. CHAKULA, herufi nene nyeusi juu ya manjano. Chini yake: LORI UTALIONA UKILA.

Nikijihukumu kwa haki, nimeshindwa. Fundi yule alijua dereva hukaa juu na kutazama kupitia vumbi. Alijua pia kwamba kinachomzuia dereva kushuka si kukosa njaa, ni kuogopa kuacha mzigo wa watu. Na aliyemaliza njia anaenda kumalizia karatasi zake upande wa Uganda, kwa hivyo lazima umnase kabla foleni haijasonga. Yote hayo yamo kwenye maneno matatu. Kiolezo hakina habari hizo, na mimi sikujisumbua kuzitafuta. Niliuza unga, halafu nikashangaa kulipwa bei ya unga.

Huku mpakani tungepaswa kulijua hili mapema. Neno boda boda lilizaliwa huku, na vijana wa baiskeli waliovusha watu kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Leo kazi hiyo imejaa Afrika Mashariki nzima, na nauli haitofautiani sana ukipanda huyu au yule. Lakini kwenye simu yako kuna namba ya mmoja. Unampigia kwa sababu anajua geti lako, anajua mama yako hapendi mwendo wa kasi, na mvua ikinyesha bado atakuja. Pikipiki yake ni kama za wengine.

Juzi nilirudi Malaba. Nilimwomba dereva mmoja anipandishe kwenye lori lake, nikaketi kando yake dakika chache. Kutoka huko juu, bango langu lilikuwa kama leso iliyosahauliwa kwenye kamba.

Niliposhuka, mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, jipya ni ngapi?"

"Ngoja kwanza, mama," nikamwambia. "Kwani madereva wakishuka hapa, huwa wanakuuliza nini?"