Nyanya Inayowahi

Katika miteremko ya Mlima Meru, mwenye bustani ya nyanya ana maadui wawili wanaopokezana zamu. Wa kwanza ni bakajani chelewa, ugonjwa wa masika, unaopenda baridi na majani yaliyolowa. Ukipata siku chache za mawingu mfululizo, bustani nzima huwa nyeusi kabla ya juma kwisha. Wa pili ni kantangaze, kiwavi aliyeingia Tanzania mwaka 2014, anayejichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, na kadiri joto linavyopanda ndivyo vizazi vyake vinavyofuatana kwa kasi. Masika yakishakatika, kabla jua la Septemba halijakaza, pana upenyo kati ya wawili hao. Nyanya inayodai siku 90 tangu kupandikizwa hukuta upenyo unaziba. Nyanya chotara ya mapema, inayoanza kuiva siku ya 60 au 65, hupita, hata baridi ya Julai ikiichelewesha kidogo. Naipenda kwa hilo, na naipenda zaidi kwa ufundi inaoudai.

Wengi hudhani nyanya ya mapema hukua upesi kuliko nyingine. Siri yake kubwa iko kwingine: huamua mapema kutoa maua. Nyanya nyingi husubiri zifikishe majani tisa, kumi, hata zaidi, ndipo kichala cha kwanza kichomoze; hii hukitoa baada ya majani sita au saba. Kuanzia hapo mwendo haupishani sana. Tangu ua kufunguka hadi tunda kuwa jekundu ni siku 40 hadi 50, na hakuna mbolea ya kuzipunguza. Kwa hiyo muda unaookolewa huokolewa mwanzoni. Ukipotea kitaluni haurudi tena bustanini, na pesa ya mbegu imekwenda bure. Ndiyo maana nasema ufundi wa nyanya hii uko kitaluni kuliko kwingine kokote.

Mbegu chotara huuzwa kwa kuhesabiwa, kwa hiyo kila moja hupewa tundu lake kwenye trei. Udongo ninaoutumia ni mboji iliyooza hadi ikapoteza harufu, mchanga wa mtoni, na udongo mweusi wa volkano ambao huku kwetu haununuliwi. Mbegu hufukiwa kina cha sentimita moja, hufunikwa nyasi kavu, na kati ya siku ya tano na ya nane shingo za kwanza huinuka zikiwa zimejikunja. Siku hiyo hiyo nyasi ziondolewe. Zikikawia, miche hurefuka ikitafuta mwanga, na shina lililorefuka hivyo huwa dhaifu kwa muda mrefu. Maji ni asubuhi, tena kidogo, uso wa udongo ukauke kabla jua halijazama. Kitalu kinacholala kimelowa hukaribisha kinyausi, na asubuhi utakuta miche imelala mstari mzima, mashina yameozea pale pale yanapotokea udongoni.

Kuna kazi moja ya kitaluni ninayoipenda kuliko zote: kupitisha kiganja juu ya miche, taratibu, asubuhi na jioni. Mche unaoguswaguswa hufupisha shina lake na kulinenepesha, sawa na unavyofanya unapopigwa na upepo. Wataalamu wa mimea wamelipima jambo hilo na kulithibitisha. Lakini kiganja nacho hujifunza. Harufu kali ya majani ya nyanya hukikolea, rangi ya kijani-njano hubaki vidoleni, na baada ya misimu kadhaa mtu hujua kwa kugusa tu kama miche ina kiu, au imelegea kwa kuzidishiwa mbolea, au iko tayari.

Huwa tayari kwenye wiki ya nne hivi, ikiwa na majani manne au matano. Juma la mwisho maji hupunguzwa na kivuli huondolewa ili miche izoee jua. Kwa mbegu ya mapema, tarehe hii haisogezwi. Nyanya ya siku nyingi ikisahaulika kwenye trei wiki moja au mbili bado hujikwamua. Hii itachanua humo humo, ndani ya kijiko cha udongo, na mche uliochanua ukiwa na njaa hudumaa na kutoa vitunda vichache. Kupandikiza ni jioni. Shina hufukiwa hadi karibu na majani ya chini, kwa kuwa shina la nyanya hutoa mizizi popote linapogusana na udongo wenye unyevu, na karatasi hufungwa kulizunguka ili sota wasilikate usiku.

Ninaposhika trei hizo hukumbuka kwamba mikono yangu si ya kwanza. Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, na likiachwa hujichavusha lenyewe. Ili kupata chotara, lazima mtu alifungue ua lingali changa, atoe sehemu za kiume kwa kibano bila kuumiza kilichobaki, kisha apake chavua ya mmea baba uliochaguliwa. Ua kwa ua, mmea kwa mmea, siku nzima ameinama. Hapa Arusha yapo mashamba yanayozalisha mbegu za maua na mboga kwa ajili ya masoko ya nje, na macho ya wanaoifanya kazi ya namna hiyo huona vitu ambavyo mimi nahitaji miwani kuviona. Marekani, Oved Shifriss alipoitoa Big Boy mwaka 1949, mojawapo ya nyanya chotara za mwanzo kuuzwa kwa wenye bustani, msingi wake ulikuwa huo huo wa kuoanisha mistari miwili iliyochaguliwa. Anayelalamikia bei ya pakiti namwelewa, kwa sababu ni ghali kweli. Hata hivyo sijaona kazi ya mikono inayostahili malipo kuliko ile.

Bustanini mambo ni machache, mradi yafanywe kila siku. Mambo za mianzi zisimikwe mapema, kabla mizizi haijatanda. Matandazo ya nyasi huzuia matone ya mvua yasirushie majani udongo wenye vimelea. Maji yawe ya kipimo kimoja. Nyanya inayokaushwa kisha ikafurikishwa hupata kuoza kitako, na wengi hukimbilia duka la dawa ilhali udongo una kalisi ya kutosha. Kinachokosekana ni maji ya kuipeleka hadi kwenye tunda. Na saa nne asubuhi, umande ukishakauka, gonga mambo kwa kidole ili chavua idondoke. Nyuki wakubwa wanaovuma juu ya ua huifanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini asubuhi za kipupwe huchelewa kutoka.

Husemwa kwamba nyanya chotara haina ladha. Nalipokea neno hilo nusu. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba badiliko la kijeni lililopendwa na wazalishaji kwa miaka mingi, lile linalolifanya tunda liive kwa rangi moja bila mabega ya kijani, hulipunguzia sukari. Hapo chotara wengi wana hatia, na mimi huchagua wale ambao bado wana mabega ya kijani wakiwa wachanga. Lakini sehemu kubwa ya lawama ni ya safari. Nyanya inayochumwa ngumu, ikapangwa kwenye tenga na kupakiwa lori hadi Dar es Salaam, haikupewa nafasi ya kuwa tamu. Ya uani huiva juu ya shina lake. Wekundu wa nyanya hujengeka vizuri kati ya nyuzi 18 na 24, na joto likizidi nyuzi 30 huzuilika, tunda likabaki na rangi ya chungwa. Kwa hiyo ile inayoiva Agosti, mchana ukiwa wa wastani, huwa nyekundu hadi moyoni. Isiwekwe kwenye friji. Ikatwe, itiwe chumvi, basi.

Mbegu za tunda hilo sizihifadhi, kwa kuwa kizazi cha pili hutawanyika: mmoja mrefu, mwingine mfupi, mmoja wa mapema, mwingine wa kuchelewa. Kwa ajili ya kuhifadhi, pembeni napanda Tengeru 97, iliyotolewa na kituo cha utafiti cha hapa Tengeru mwaka 1997, ambayo watoto wake hufanana na mama. Mbegu zake huchachushwa siku mbili ili ute utoke, zikaoshwa, zikaanikwa kivulini, na jirani akija kuomba hupewa hizo. Za mapema tunachangishana mwezi Aprili na kununua pakiti moja kwa nyumba kadhaa. Trei zote huwekwa kwa yule ambaye mwaka huo ana nafasi ya kuwepo nyumbani asubuhi na jioni.